Kapu la uvivu

Mwanangu Mfumaji wa Mtendeni. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimeisoma kwa sauti, maana ile sehemu ya mama mkwe kubaki gizani na tonge la ugali mkononi, akipapasa bakuli la mlenda liko wapi, haifai kusomwa kimyakimya.

Nione kama nimekuelewa. Jioni kazi zikiisha unafuma, na unafuma huku unasoma. Kitabu umekiegemeza kwenye chupa ya chai, ukurasa umeubana kwa kibanio cha nguo, sindano zinakwenda zenyewe. Mama mkwe alikuja kutoka Urambo kwa wiki mbili, sasa anaingia mwezi wa nne, na kapu lako la nyuzi amelibatiza kapu la uvivu. Baba watoto naye anauliza, kama huuzi, unafuma ili iweje? Basi umeamua kujificha. Mabonge ya uzi yamehamia kwenye ndoo ya mchele, riwaya iko chini ya godoro, na siku nyingine unasomea chooni kama mwanafunzi wa bweni. Unaniuliza uache kimoja au uache vyote.

Usiache hata kimoja. Lakini usishangilie mapema.

Kwenye ukurasa wa pili umepita mahali haraka haraka, kama mtoto anayekatiza mbele ya wazee. Umesema mabonge matano ya mwisho uliyanunua "kwa ile hela ya LUKU, nikitegemea nitairudisha." Hukuirudisha. Umeme ukakatika saa mbili usiku. Mwanangu, mumeo hakuuliza swali lile kwa sababu anachukia sweta. Aliuliza akiwa ameshika tochi. Ukiyatenganisha hayo mawili, kufuma na hela ya umeme, utaona kwamba kesi yako ni ndogo kuliko ulivyoiandika, na pia kwamba una deni.

Wala usimwone mume wako mtu wa ajabu kwa kuhesabu uzi. Mji wenu wa Tabora ulikua kwa nguo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, huko kwenu, ilibeba merikani, kaniki na shanga, na hizo ndizo zilizokuwa pesa ya njiani. Nguo ilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, ikalipia chakula, hongo na ujira wa wapagazi. Na kule Ufipa kulikuwa na nguo za pamba za kienyeji, na waliokuwa wakizifuma ni wanaume. Mwambie hilo baba watoto siku moja akiwa ameshiba, kisha umwombe akunyooshee mikono umzungushie uzi unapokunja mabonge. Mtu aliyefungwa viganja kwa sufu ya kijani kwa robo saa hukosa kabisa sura ya kugombana.

Sasa tuje kwa mama, maana hapo ndipo nadhani umekosea kusoma, wewe msomaji.

Umeandika kwamba anakuita mvivu "huku yeye mwenyewe amekaa barazani anasuka mkeka kuanzia asubuhi." Umeyaandika hayo kwa hasira, kama ushahidi wa unafiki wake. Mimi nimeona wanawake wawili ambao mikono yao haijui kutulia, chini ya paa moja. Mtu anayesuka mkeka hawezi kudharau kazi ya kufuma. Anajua maana ya kurudia kitu kimoja mara elfu mpaka kiwe kitu. Tofauti yenu ni kwamba anaposuka, mdomo wake uko huru na macho yake yanaona nani anapita njiani. Wewe mikono iko kwenye uzi na macho yako kwenye kitabu. Amekuja toka Urambo, wajukuu wako shule, mwanawe yuko kazini, na mkwewe yuko nyumbani lakini hayupo. Kinachomuuma ni kile kitabu, nacho hakimuumi kwa kuwa ni kitabu. Kinamuuma kwa sababu hajaalikwa.

Miezi minne unaiona mingi? Dk. Livingstone alifika Kwihara, hapo karibu nanyi, na Stanley mwezi Februari 1872, Stanley akaondoka Machi, mzee akabaki anasubiri wapagazi mpaka tarehe 25 Agosti. Watu wa Tabora mmezoea wageni wa muda mrefu.

Kwa hiyo toa riwaya chini ya godoro, kaa barazani, na umsomee. Kwa sauti. Yeye na mkeka wake, wewe na sindano zako zimepumzika kwa kurasa tatu nne, kisha wewe ufume naye asuke, mkiyajadili mliyoyasoma. Anza na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, inakwenda kama hadithi ya jioni. Akishakolea, mtafutie Peponi, ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis, maana humo mna msafara wa bara, na mama ana mengi ya kusema kuhusu misafara kuliko wewe na mimi. Ukiweza kupata maisha ya Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe, utakuta Tabora imejaa humo. Baba yake alikuwa na makazi hapo, akamwoa binti wa mtemi Fundikira. Ila mtayarishe mama, yule bwana aliteka na kuuza watu na hasimulii kama mtu anayejuta. Mtagombana naye wote wawili, na kugombana na kitabu kunaunganisha sana. Riwaya ya Rosa Mistika iache kwanza. Naipenda, lakini mama asije akapanda gari la Urambo siku hiyo hiyo.

Na wakija majirani kuuliza mtu mzima anasoma hadithi za nini, wakumbushe kijana aliyesoma Tabora Boys, akarudi kufundisha St. Mary's hapo hapo mjini, na baadaye, akiwa na nchi nzima mabegani, akakaa akafasiri Shakespeare: Julius Caesar mwaka 1963, Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Sijasikia aliyemwita Mwalimu Nyerere mvivu kwa ajili hiyo.

Suala la kuuza. Hapa natofautiana na baba watoto, na nina sababu. Zamani nilikubali kufuma sweta 12 za shule moja, sitaitaja. Malipo yalikuja baada ya mihula miwili na rangi ya bluu iliyoiva ikanitia kichefuchefu kwa muda mrefu. Kinachofumwa kwa oda kina mtu amesimama nyuma ya bega lako. Wewe uza kidogo tu: kofia na soksi za watoto wachanga, kabla ya baridi ya Juni, mbili tatu, ili uzi ujinunue wenyewe. Hela hiyo iwe na kibubu chake. Sweta zako kubwa ziache ziwe zako.

Tena si lazima ununue mabonge mapya. Pita kwenye mitumba utafute sweta la sufu lenye kola iliyochakaa, ulifumue. Ligeuze kwanza utazame mshono wa pembeni. Kama kingo zimekatwa na kuzungushiwa uzi wa cherehani, liache, litatoka vipande vipande. Kama kingo ni nzima, zimeshonwa tu pamoja, utafumua uzi mrefu mpaka uchoke. Uoshe, uutundike na kitu kizito ukauke ukiwa umenyooka.

Umeuliza pia, kwa aibu, kwa nini mkono wa kushoto wa sweta la mumeo umezidi wa kulia kwa vidole viwili. Ulikuwa kwenye sura nzuri, ndiyo sababu. Kiwiliwili kinachokwenda sawa, soma. Ukifika pa kupunguza, kwapani na shingoni, funga kitabu. Weka punje za maharage kwenye kisahani, kila mistari kumi hamisha moja, kisha hesabu za mkono mmoja zilingane na za mwingine. Huo mrefu usiufumue mpaka mama auone. Nina hakika atacheka, na atakuonyesha ukingo wa mkeka wake uliopinda.

Lakini kabla ya yote hayo, na kabla ya magharibi ya leo, nunua LUKU.