Alama Zinatoka Wapi?

Mchezo wa kufundishia huupima kwa swali moja: alama zake zinatoka ndani ya somo, au zimebandikwa juu yake?

Chukua Foldit, mchezo wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, ulioanza 2008. Mchezaji hukunja protini, na alama hufuata nishati ya umbo alilolikunja. Kemia yenyewe ndiyo refa. Mwaka 2011 wachezaji, wengi wao si wanasayansi, walifumbua kwa wiki tatu umbo la kimeng'enya cha virusi vya kima lililowashinda wataalamu zaidi ya miaka kumi.

Basi wanaotaka mashindano ya kasi katika marudio yetu (nao ni wengi!) nawaomba: alama apewe anayeeleza kwa nini jibu fulani ni kosa. Mbio tuwaachie wanariadha.