MUNGANGA WA ASKARI: THOMAS HEAZLE PARKE NA NDUI YA MWAKA 1888

Somo letu la mara hii ni juu ya munganga mmoja wa jeshi la Uingereza aliyepita katika nchi yetu zamani, wakati Wabelgiji walikuwa bado wachache sana huku. Jina lake Thomas Heazle Parke. Vitabuni anasifiwa kwa jambo moja: alinyonya sumu ya mshale kwa kinywa chake katika kidonda cha mwenzake. Sisi tunaona hilo si jambo kubwa kupita yote aliyofanya. Jambo kubwa alilifanya ndani ya meli, pasipo vita wala kelele, na watu wa Maniema walilikosa, wakafa.

Parke alizaliwa mwaka 1857 huko Ireland. Alisoma uganga wa kupasua Dublin, akamaliza mwaka 1878, na mwaka 1881 akaingia jeshini. Hakukaa sana kambini. Mwaka 1882 alikuwa Misri katika vita ya Tel-el-Kebir. Mwaka uliofuata kipindupindu kiliingia Misri, akatibu wagonjwa. Mwaka 1885 alivuka jangwa la Sudani pamoja na jeshi lililokwenda kumwokoa Jenerali Gordon, nao wakachelewa: Khartoum ilikwisha kuanguka. Basi, alipofika miaka 29 alikuwa amekwisha kuona vidonda vingi kuliko waganga wengi wazee.

Mwaka 1887, akiwa Alexandria, alichukuliwa katika safari ya Stanley ya kumtafuta Emin Pasha. Huyu Emin alikuwa munganga vilevile, Mjerumani, aliyetawala sehemu ya kusini ya Sudani kwa jina la Misri, na njia zote zilikuwa zimefungwa nyuma yake. Stanley alichagua kupita Kongo. Mwezi wa pili meli Madura iliondoka Unguja, ikazunguka Afrika ya Kusini mpaka Banana. Ndani yake mlikuwa na wapagazi Wangwana zaidi ya 600, na Tippu Tip mwenyewe pamoja na watu wake.

Hapa ndipo tunaomba msome polepole. Katika meli hiyo Parke aliwachanja Wangwana ndui. Namna ya chanjo ya siku zile ni hii: munganga alichukua maji ya kipele cha ndui ya ng'ombe, akakwaruza ngozi ya mkono, akapaka maji yale ndani ya mkwaruzo. Mkono ulivimba kidogo, homa ikaja siku mbili tatu, kisha ikapita. Dawa hiyo ilijulikana Ulaya tangu mwaka 1796, wakati munganga Edward Jenner alipoijaribu. Hapana mtu aliyemchongea Parke sanamu kwa kazi hiyo. Ni kazi ya kuchosha, mkono baada ya mkono, na anayechanjwa haoni faida yake siku ile.

Walipofika Yambuya, kwenye mto Aruwimi, Stanley alitangulia na watu karibu 390, Parke akiwa kati yao, wakaingia msituni mwezi wa sita 1887. Tarehe 13 ya mwezi wa nane, kwenye kijiji cha Avisibba, Luteni Stairs alipigwa mshale wa sumu kifuani. Parke alinyonya kidonda. Stairs akapona, ingawa ncha ya mshale ilibaki mwilini mpaka Parke alipoitoa zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Wapagazi waliopigwa siku ile ile, wengine walishikwa na pepopunda, wakafa. Je, sumu ilitoka kwa kunyonya, ao mshale ule ulikuwa umekauka? Hata yeye Parke hangeweza kuapa.

Tukumbuke pia Stairs huyu alifanya nini kisha kupona. Mwaka 1891 aliongoza msafara wa Mfalme Leopold wa pili kuingia Katanga, na tarehe 20 Desemba mmoja wa maofisa wake alimpiga Mwami Msiri risasi huko Bunkeya. Munganga hachagui atakayopona mgonjwa wake akayafanye, kweli, lakini sisi Wakongo hatuwezi kusoma habari ya mshale ule bila kukumbuka Bunkeya.

Mwezi wa kumi 1887 njaa iliwakamata. Kapiteni Nelson aliachwa njiani na watu 52 wasioweza kutembea, na waliobaki hai walikuwa wachache sana. Parke akaachwa pamoja na wagonjwa Ipoto, kijiji cha Kilonga-Longa, ambacho wenyeji wake walikuwa watu wa Maniema, wawindaji wa pembe na watumwa. Alikaa huko mpaka Januari 1888. Yeye na Nelson waliuza nguo zao ili wapate mahindi. Yeye mwenyewe alikuwa na homa na majipu. Mambo ya Ipoto hayapendezi kuyasoma, na tusifiche: wakubwa wa kijiji kile walikuwa watu wa kwetu, na waliwaacha wagonjwa kufa mlangoni. Lakini Parke naye alinunua msichana wa Kimbuti kwao, kwa chakula, awe mtumishi wake. Yule mtoto alimwuguza katika homa zaidi ya mwaka, akaachwa njiani. Jina lake halikuandikwa. Askari wa nchi iliyojivunia kukomesha biashara ya watumwa!

Sasa turudi kwa ndui. Mwaka 1888 Tippu Tip alitoa wapagazi karibu 400 wa Maniema, chini ya Muni Somai, waende kumsaidia Stanley. Stanley alirudi kuwachukua Banalya mwezi wa nane, na katika njia ya msituni ndui ikalipuka. Stanley mwenyewe aliandika kwamba Wamanyema walikufa kwa wingi wa kutisha, lakini Wangwana waliochanjwa katika Madura waliokoka. Msitu ulikuwa mmoja, chakula kimoja, kambi moja. Tofauti ilikuwa mkwaruzo mdogo mkononi. Na Parke hakuwa pale! Alikuwa mbali, Fort Bodo, siku nyingi za kutembea. Kazi yake ya mwezi wa pili na wa tatu 1887 ilikuwa inaendelea bila yeye.

Kuna wadogo zetu ambao, gari la chanjo likionekana, wanaruka dirisha na kukimbilia mihogoni. Wanasema: mimi si mgonjwa. Wale wa Madura pia hawakuwa wagonjwa. Ndui ilikwisha kabisa duniani, ikatangazwa hivyo mwaka 1980, na mgonjwa wa mwisho hapa Kongo alipatikana mwaka 1971. Haikwisha kwa kunyonya vidonda.

Safari ilifika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Usiku ule ule Emin alianguka kutoka ghorofani, akapasuka kichwa, na Parke akabaki kumtunza. Emin alipona, akarudi ndani, akauawa katika misitu ya Kongo mwaka 1892. Katika Wangwana wale zaidi ya 600, chini ya nusu waliona tena Unguja. Parke alipewa medali nyingi, akaandika kitabu cha safari na kingine cha kulinda afya katika Afrika, akafa ghafula Scotland mwaka 1893, na miaka yake 35 tu. Sanamu yake iko Dublin mpaka leo, na chini yake wamechonga yeye akinyonya kidonda cha Stairs.

Sisi wa kalasi ya sita tunakusanya habari za upande wetu. Kama nyumbani kwenu, Kasongo, Nyangwe, Kibombo ao Kindu, kuna mzee anayejua jina la mtu wa jamaa aliyekwenda Ituri na Tippu Tip ao Kilonga-Longa, muulizeni alirudi ao hakurudi, na ugonjwa gani ulimshika. Andikeni kwenye karatasi, mtuletee mkirudi kutoka likizo ya Pasaka.