Chanjo ya Homa ya Ini: Kutoka Damu Hadi Hamira

Ndugu msomaji, miongoni mwa maneno yanayozagaa barazani ni kwamba chanjo ya homa ya ini aina ya B hufanywa kwa damu za wagonjwa, na kwa hivyo haifai kudungwa mtoto wa Kiislamu. Neno hili lina asili, lakini asili hiyo imekwisha pita.

Virusi vya maradhi haya hukaa katika ini, na humo huzalisha maganda matupu mengi yanayoelea katika damu. Ganda tupu halileti ugonjwa, bali mwili ukiliona hujifunza kumtambua adui. Basi chanjo ya kwanza, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981, ilitolewa katika maji ya damu ya watu wenye virusi hivyo. Maganda yalichujwa, kisha yakatiwa dawa za kuua virusi. Njia hiyo ilifaa, ila ilihitaji adui aingizwe kiwandani kwanza, ndipo auawe. Na mwaka ule ule UKIMWI ukadhihiri, watu wakaingiwa na hofu ya kila kitokacho katika damu.

Wataalamu wakageuza njia. Walitwaa sehemu moja tu ya jeni za kirusi, ile inayoamrisha kufanywa kwa ganda, wakaitia katika hamira, ya jinsi ile ile inayoumua mkate. Hamira ikawa yafanya ganda pasina kirusi. Chanjo hii iliruhusiwa mwaka 1986, ikashika mahali pa ile ya damu. Kiwandani hamna tena damu ya mgonjwa wala kirusi cha kuuawa. Na kisichokuwamo hakiwezi kuponyoka.

Haya hayaondoi wajibu wa kupima kila fungu la chanjo, wala wajibu wa aliyewahi kudhurika vikali kwa hamira kumwarifu tabibu.

Hapa Kenya watoto huipata ndani ya sindano ya chanjo tano, wakiwa wa wiki 6, 10 na 14. Na anayeambukizwa akiwa mchanga, yapata 9 katika 10 hubaki na virusi maisha yao, na baadhi yao huishia kwa saratani ya ini. Basi mzazi asimnyime mwanawe kinga kwa habari ya zamani. Dini yetu imetuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuitendea kazi. Mwenye shaka na awaulize wajuzi.

Wabillahi taufiki.