Twiga Hajui Geti: Mwongozo kwa Watu wa Modogashe

Maji ya kinamasi cha Lorian huanzia mbali, Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Mto Ewaso Nyiro huyateremsha kupitia Archer's Post na Merti hadi upande wa Habaswein. Mvua ikizidi, yanafurika na kushika mkondo wa Lagh Dera kuelekea Somalia. Kiangazi kikikaza, mto hukatika njiani, na hapo ng'ombe, ngamia, twiga na fisi wote hubaki kugombea silanga moja.

Kule juu, mto huo huo unapita kati ya hifadhi za Samburu, Buffalo Springs na Shaba, ambako mgeni hulipa ndipo aingie. Huku kwetu hakuna geti, na wengi hudhani pasipo geti hapana sheria. Sivyo. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda mnyama popote alipo, awe hifadhini, kwenye laga au nyuma ya boma lako. Kuwinda ni kosa hata kama ni kwa kitoweo cha watoto. Twiga akigongwa na lori usiku, nyama yake si ya kugawana. Ukikutwa nayo utashtakiwa. Piga ripoti kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), au kwa chifu kama ofisi yao iko mbali.

Mnyama uliyemkuta amekufa bila jeraha usimchune wala usimguse. Huenda ni kimeta. Mwite daktari wa mifugo, hasa baada ya mafuriko: Garissa haijasahau Homa ya Bonde la Ufa ya 1997 na ile ya 2006.

Kaunti ya Garissa ina hifadhi zake kando ya Tana. Arawale ilitangazwa mwaka 1974 kwa ajili ya hirola, swala aliye hatarini kutoweka kabisa, na Rahole ikafuata mwaka 1976. Usiingize mifugo humo bila ruhusa. Ishaqbini, huko Ijara, na Bour-Algi, jirani na mji wa Garissa, ni za jamii yenyewe, kwa hiyo mambo ya kuingia huulizwa wasimamizi wa pale. Ukivuka kwenda mbuga za KWS kama Kora au Meru, lipa kwa mtandao wa eCitizen, maana hawapokei pesa taslimu. Mwenye kutaka kuvua kambare Tana aanzie ofisi ya uvuvi ya kaunti kuulizia leseni. Najua samaki si chakula cha wengi huku, lakini mamba habagui mvuvi na mchunga mbuzi: usichote maji gizani.

Sasa fidia, ambayo watu wengi huipoteza kwa kutojua tu. Mnyama aliyetajwa katika sheria, kama ndovu, simba, fisi au mamba, akiua mtu, familia inastahili shilingi milioni 5. Ulemavu wa kudumu ni milioni 3, na majeraha mengine hadi milioni 2. Mifugo hufidiwa kwa bei ya soko, ila ukionekana hukuchukua hatua za kuilinda, hulipwi. Mbuzi waliolala nje ya zizi ni kesi ngumu kushinda.

Kwa hiyo toa taarifa mara moja, kabla nyayo hazijafutika. Piga picha za mzoga na nyayo, tafuta mashahidi, na aliyeumia apelekwe hospitali iliyo karibu. Cheti cha daktari kitahitajika. Madai hupitia kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia, na lazima niseme wazi kwamba malipo huchelewa, wakati mwingine miaka. Tunza nakala ya kila karatasi. Usiporidhika na uamuzi, una siku 30 tangu ujulishwe kukata rufaa katika Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira.