Kutoka kidato cha sita kwenda chuo: miezi ya kujipanga

Mitihani ya kidato cha sita huisha Mei. Matokeo ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) hutoka Julai, na vyuo vikuu vingi huwapokea wa mwaka wa kwanza kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba. Hapo katikati vijana wengi hujihesabu wako likizo, na wazazi nao huwaacha wapumzike kwa kuwa wamesoma sana. Wapumzike, lakini si miezi yote. Wanaokwama mwaka wa kwanza mara nyingi hawakwamishwi na ugumu wa masomo. Hukwamishwa na karatasi, halafu fedha, halafu muda, na mambo yote matatu yanaweza kushughulikiwa ukiwa bado nyumbani.

Karatasi kwanza

Anza na jina lako. Chukua cheti cha kuzaliwa, cheti au hati ya matokeo ya kidato cha nne, na kitambulisho au namba ya NIDA. Viweke mezani pamoja, uvisome herufi kwa herufi. Utakuta Zakaria kwenye kimoja na Zacharia kwenye kingine. Utakuta majina mawili hapa na matatu pale, au mwaka wa kuzaliwa unaopishana kwa sababu aliyekuandikisha darasa la kwanza alikadiria. Kwa majirani huyo ni mtu mmoja. Kwa mfumo wa kompyuta wa Bodi ya Mikopo hao ni watu wawili, na mmoja wao hana mkopo.

Marekebisho yanawezekana, kwa kiapo au kwa hati ya kubadili jina kutegemea ukubwa wa tofauti, ila yanachukua muda na yana gharama zake. Ukiligundua tatizo Mei, unalo dirisha. Ukiligundua usiku wa mwisho wa kutuma maombi, ukiwa kwenye foleni ya steshenari, huna.

Cheti cha kuzaliwa chenyewe hakitoshi kuambatishwa tu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) inataka kiwe kimehakikiwa: na RITA kwa waliozaliwa Tanzania Bara, na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa waliozaliwa Zanzibar. Aliyefiwa na mzazi ahakikishe na cheti cha kifo pia kimehakikiwa. Anayetoka kaya inayonufaika na TASAF atafute namba ya kaya mapema, na mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, apate fomu iliyothibitishwa na mganga wa serikali. Hizi ndizo karatasi zinazoielezea hali yako kwa mtu ambaye hatakuona kamwe. Nimewahi kusikia kijana akilalamika kwamba mwenzake mwenye uwezo kapata mkopo na yeye yatima kakosa. Ukichunguza malalamiko ya namna hiyo, mara nyingi yatima hakuambatisha kitu.

Kwenye maombi ya mkopo utatumia namba yako ya mtihani ya kidato cha nne, ile inayoanza na herufi S au P ikifuatiwa na namba ya kituo, namba yako na mwaka. Iandike sahihi, na usiwe na maombi mawili. Ada ya maombi hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali inayotolewa na mfumo wenyewe. Mtu yeyote anayekutaka umtumie fedha kwenye namba yake ya simu ili "akusukumie" mkopo ni tapeli, hata kama anajua jina lako na shule uliyosoma.

Kwa wanaokwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, mafunzo yaliyorejeshwa mwaka 2013, kuna jambo la ziada. Ukiwa Mafinga, Ruvu au Makutupora, simu haikai mkononi mwako utakavyo. Kabla ya kuripoti kambini mwachie mtu mmoja unayemwamini, dada, mjomba au mzazi, nakala za vyeti vyako vyote na laini ya simu uliyoiandika kwenye maombi, kisha mweleze ni ujumbe gani wa kusubiri. Mmoja anatosha, siri za akaunti zikiwa kwa watu wengi hazina mwenyewe.

Kuchagua kozi

Tangu 2017 mwombaji wa shahada anaomba moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo kinachoonyesha kila kozi katika kila chuo na sifa zake. Kiko kwenye tovuti yake, bure. Kisome wewe mwenyewe, usisomewe na mtu wa steshenari ambaye ana watu ishirini nyuma yako.

Kiwango cha chini kwa wahitimu wa sasa wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mtego uko kwenye maneno yanayofuata: masomo yanayohesabiwa ni yale ambayo kozi yenyewe imeyataja. Mtu anaweza kuwa na pointi nzuri za Historia na Kiswahili na bado asihesabiwe hata moja kwenye kozi inayotaka Jiografia na Uchumi. Anayeomba udaktari wa binadamu lazima awe amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu. A mbili hazilipi deni la somo la tatu.

Ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, utatakiwa kuthibitisha kimoja kwa kutumia namba maalumu inayotumwa kwenye simu yako. Kila mwaka wapo wanaosherehekea kuchaguliwa vyuo vitatu na kusahau kuthibitisha hata kimoja mpaka muda unapita.

Kuhusu kozi ipi "ina soko", maneno ni mengi na mengi yake ni ya miaka kumi iliyopita. Nashauri jambo dogo tu: mtafute mtu anayeifanya kazi unayoitamani, umuulize siku yake ya kawaida ikoje, kuanzia asubuhi. Mwenye kutamani ufamasia kwa ajili ya koti jeupe atajua baada ya nusu saa kama anaweza kusimama dirishani siku nzima akisoma mwandiko wa madaktari. Na aliyefanya vizuri sana kwenye sayansi asisahau kuangalia Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa wenye ufaulu wa juu wa sayansi wanaokwenda kusoma sayansi, uhandisi na tiba.

Aliyekosa sifa za shahada bado ana njia ya stashahada katika vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET. Miaka inaongezeka, ila mwenye stashahada nzuri huingia chuo kikuu akiwa tayari anaijua kazi kwa mikono, na darasani hujulikana siku ya kwanza ya vitendo.

Bumu na mahesabu yake

Fedha ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo wanafunzi huiita bumu. Tangu 2022/23 kiwango chake ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 ya awali, na hulipwa kwa mkupuo, takriban wa siku 60. Ina maana kijana ambaye hajawahi kushika zaidi ya nauli ya kwenda shule na pesa ya matumizi anaamka asubuhi akiwa na shilingi 600,000 kwenye akaunti. Hapo ndipo akili ya wengi inapopimwa, tena kabla ya mtihani wowote.

Tuzifanyie hesabu. Tuseme hukupata hosteli, umepanga chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Hiyo ni 300,000, nusu ya bumu, imeondoka siku moja, na bado dalali hajadai chake. Iliyobaki ni 300,000 kwa siku 60, yaani 5,000 kwa siku: chakula, daladala, bando, sabuni, kutoa kopi na kuprinti kazi za darasani. Inawezekana kuishi. Ila ukinunua viatu na simu wiki ya kwanza kwa 150,000, umejishusha hadi 2,500 kwa siku, na mwezi wa pili utakuwa mgeni wa kudumu kwenye sufuria za wenzako.

Kwa hiyo bumu likiingia, toa kodi, toa mahitaji ya masomo, gawa kilichobaki kwa siku zilizobaki, na uiandike namba hiyo mahali unapoiona. Fedha ya wiki nne zijazo iache benki au kwenye kibubu cha simu. Kupika kwa zamu na wenzako wawili au watatu mnaoaminiana kunaokoa zaidi kuliko kushinda njaa mchana. Omba hosteli mara tu dirisha linapofunguka, maana vitanda ni vichache kuliko watu, na ndiyo maana ya kubebana: wawili kulala kitanda kimoja kinyume cha taratibu. Unaelekea Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliza vyumba Changanyikeni na Msewe. Unaelekea Chuo Kikuu cha Dodoma, uliza Ng'ong'ona. Usilipie chumba kwa picha ya simu.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: bumu la kwanza halikusubiri getini. Kuna usajili, kuna kusaini, kuna akaunti ya benki iliyo kwa jina lako isiyotofautiana na majina ya maombi. Nenda na fedha ya kukutosha angalau mwezi mmoja, na uangalie kwenye fomu ya kujiunga ni michango gani ambayo mkopo haugusi, kama bima ya afya na kitambulisho.

Ukiishiwa, kuna milango miwili ya kuikimbia. Mmoja ni kubeti. Mkeka haujawahi kumlipia mtu ada. Mwingine ni mikopo ya haraka ya kwenye simu, ile ya kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni. Ukichelewa kulipa, baadhi ya wakopeshaji hao humtumia ujumbe kila mtu aliye kwenye simu yako, akiwemo mchungaji, shehe na baba mkwe mtarajiwa.

Na mkopo wa Bodi nao ni deni. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako itakatwa kila mwezi hadi deni liishe.

Darasani hakuna kengele

Sekondari ulisukumwa na kengele, patroni, matroni na mwalimu wa zamu. Chuoni unaweza kulala hadi saa sita mchana wiki nzima na hakuna atakayekugongea mlango. Mhadhiri anaweza kuwa na wanafunzi mia tatu ukumbini, haandiki nukuu ubaoni, wala hajui kama umekuja.

Wiki ya kwanza kila mhadhiri hutoa mpango wa kozi: mada, vitabu, tarehe za majaribio, na mgawanyo wa alama. Katika vyuo vingi kazi za muhula zina alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Aliyepata 28 kati ya hizo 40 huingia kwenye mtihani akiwa anapumua. Aliyepata 12 hutafuta madesa usiku kucha, na madesa ya mwaka juzi yana makosa ya mwaka juzi.

Elewa GPA inavyokokotolewa, kwa sababu wengi huijua wakiwa mwaka wa tatu. Pale A inapokuwa 5, B+ 4, B 3 na C 2, kila alama huzidishwa na uzito wa kozi. Tuseme una kozi ya krediti 12 umepata C na ya krediti 8 umepata A. Ya kwanza inakupa 24, ya pili 40, jumla 64. Gawa kwa krediti 20, unapata 3.2. Ungekuwa umepata A kwenye ile nzito na C kwenye ile nyepesi, ungekuwa na 3.8. Kwa mizani hiyo daraja la pili la juu huanzia 3.5. Muda wako wa kusoma ufuate krediti, usifuate upole wa mhadhiri.

Ukifeli kozi unarudia mtihani, yaani sapu, na kwa kawaida hata uandike vizuri namna gani utapewa C. Zikizidi, ni kudisko, yaani kuondolewa masomoni, na hapo mkopo nao husimama.

Miezi hii ya nyumbani jifunze kuchapa kwa kompyuta, kuandaa jedwali, na kuandika insha yenye marejeo. Kompyuta mpakato ukiweza nunua, lakini waulize kwanza wanaosoma kozi yako. Anayesoma sheria hahitaji mashine ya anayesoma uhandisi. Vyuo vina programu za kukagua kazi zilizonakiliwa, na wahadhiri wanaitambua haraka insha iliyoandikwa na akili mnemba, kwa sababu hujui kuieleza ukisimamishwa.

Mambo yakikuelemea, iwe ugonjwa, msiba, mimba, njaa au mhadhiri anayekutaka kwa njia isiyo halali, nenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi mapema. Kuahirisha mwaka kwa maandishi kunaacha nafasi yako. Kutoweka bila taarifa hakuiachi.

Neno la mwisho ni kwa wazazi. Kaeni na mtoto kabla hajapanda basi, mumwambie kwa shilingi kamili mtamtumia kiasi gani kila mwezi na tarehe ngapi. Kama ni 30,000, semeni 30,000. Kama hakuna kitu, semeni hakuna. Anayejua hatatumiwa kitu atalipangia bumu lake. Aliyeahidiwa "tutaona huko mbele" atakopa akisubiri.