Biskuti za mbwa wa ulinzi: usioke unga wenye ukungu



Mwenye banda la kuku au ghala la mahindi huku Cheyo anajua kazi ya mbwa usiku. Ila chakula chake mara nyingi ni makombo na ugali wa pumba. Leo tujifunze kumwokea biskuti, na zaidi tujue unga gani tusitumie.

Biskuti sio mlo. Ni zawadi ya kufundishia: umepiga filimbi, kaja, mpe moja. Zisizidi sehemu 1 kati ya 10 ya chakula chake cha siku. Mzoeze apokee mkononi mwako tu, maana wezi hurusha nyama yenye sumu, na mbwa anayeokota kila kitu ndiye anaanza kufa.

Sumu isiyoisha kwa moto

Mahindi na karanga zikihifadhiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka 1960 kule Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 waliolishwa mashudu ya karanga, na hapo ndipo wataalamu walipoigundua sumu hii. Hapa kwetu, mwaka 2016, iliua watu Dodoma na Manyara.

Mbwa ni dhaifu sana kwa sumu hii, inamharibu ini. Kuoka hakuiondoi. Halafu angalia jambo hili: mahindi yakikobolewa, sumu nyingi inabaki kwenye pumba. Kwa hiyo familia inakula sembe, mbwa anapewa sehemu mbaya zaidi.

Pima hivi: chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi hadi robo, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga na utikise dakika 2 hadi 3. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi 15%. Rudisha mahindi juani. Ghalani yasizidi 13.5%. Lakini chumvi inakuonyesha unyevu tu, haionyeshi sumu. Mahindi yaliyokwisha kuota ukungu, hata ukiyakausha, ni ya kutupa.

Mahitaji

- Vikombe 2 vya unga wa mahindi safi yaliyochambuliwa
- Kikombe 1 cha unga wa ngano
- Nusu kikombe cha dagaa wa Kigoma wasio na chumvi, waliopepetwa mchanga na kutwangwa
- Yai 1
- Kijiko 1 cha mafuta ya kula
- Maji ya uvuguvugu

Namna ya kuoka

1. Changanya unga na dagaa, weka yai na mafuta, kisha maji kidogo kidogo mpaka donge liwe gumu kama la chapati.
2. Sukuma unene wa nusu sentimita, kata vipande vidogo.
3. Weka mchanga kwenye sufuria kubwa, juu yake sahani ya bati yenye biskuti. Funika, tia makaa machache juu ya mfuniko na moto mdogo chini.
4. Oka dakika 25 hadi 30, ziwe kavu na za kahawia. Ukivunja moja na katikati ni laini, rudisha.
5. Ziache zipoe kabisa ndipo uzifungie kwenye kopo. Zikifungwa na joto zitatoa jasho na kuota ukungu. Zimalize ndani ya wiki 2.

Usiweke kitunguu maji, kitunguu saumu, zabibu kavu wala chokoleti. Hivyo ni sumu kwa mbwa. Wenye tumbaku, msizianike karibu na bani wala majani yake, nikotini inaua.

Dalili za hatari

Mbwa akikataa kula, akitapika, macho na fizi zikawa za njano, au kinyesi kikawa cheusi, acha chakula hicho mara moja. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na ubebe kidogo cha chakula alichokula. Dawa maalumu ya kuiondoa sumu hii mwilini hakuna, kwa hiyo kuwahi ndiko kunakosaidia.

Mahindi mabovu usiyahamishie kwa kuku wala nguruwe. Hasara itakufuata kule kule bandani. Yafukie, na msimu ujao anza na turubai la kuanikia.

Kazi njema.