Akili Mnemba na Ulinzi wa Mitandao ya 5G

Swali: Msomaji wa Ewuaso Kedong, Kaunti ya Kajiado, anauliza iwapo akili mnemba inaweza kutambua mashambulizi kwenye mtandao wa simu wa kizazi cha tano, na iwapo itamlinda mfugaji anayelipwa kwa M-Pesa.

Jibu: Mtandao wa kizazi cha tano, ambao Safaricom ilianza kuuza huduma zake nchini Kenya mwaka 2022, huendeshwa kwa kiasi kikubwa na programu badala ya mitambo maalumu, na kwa hiyo una milango mingi zaidi ambayo mshambulizi anaweza kuijaribu. Mifumo ya zamani ya ulinzi hulinganisha mawasiliano na orodha ya mashambulizi yanayojulikana, ilhali akili mnemba hujifunza mwenendo wa kawaida, yaani kiasi cha data, nyakati na vifaa vinavyowasiliana, kisha hutoa tahadhari mwenendo huo unapobadilika ghafla. Shambulio la Julai 2023 lililovuruga eCitizen, jukwaa la huduma za serikali ya Kenya mtandaoni, lilikuwa mafuriko ya maombi bandia, aina ambayo mbinu hii inafaa kuitambua mapema. Hata hivyo, ongezeko halali la watumiaji, kama lile la siku ya mnada wa mifugo, laweza kudhaniwa kuwa shambulio, ndiyo maana ni sharti wataalamu wahakiki kila tahadhari nzito.

Ama mfugaji aliyelaghaiwa hadi akataja namba yake ya siri, mawasiliano yake huonekana ya kawaida mtandaoni, kwa hiyo kinga yake ya kwanza ni kutoitaja namba hiyo kwa yeyote.